Sehemu ya Tatu ya Ushuhuda

Jumatatu, 4 Novemba. Asubuhi mawingu mazito, joto, hakuna upepo.
Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha saa nane mchana. Bati la chumba cha Guy linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka beseni. Mwanangu yuko masomoni Lubumbashi, tone halitamsumbua. Umeme umekatika tangu saa tano. Kwenye kibanda changu cha fotokopi wamekuja watu watatu tu. Daftari jipya, utaratibu ule ule: hali ya hewa asubuhi, mambo ya siku jioni, na saa ya kulala naijaza kesho yake.
Usingizi: saa nne.

Alhamisi, 7 Novemba. Jua, kisha mawingu.
Alhamisi ni siku ya shuhuda. Kanisani kwetu mtu hasimami tu na kusema. Miaka tisa iliyopita dada mmoja alishika mikro dakika hamsini akieleza mambo ya wakwe zake, mpaka mama mkwe akatoka nje. Hapo Pasta Symphorien akaamua: mwenye ushuhuda aje kwangu Alhamisi, mimi sekretere niuandike ukurasa mmoja, Jumapili niusome mbele, naye asimame kando yangu. Nikimaliza anainua mkono, maana yake ni maneno yake. Sehemu tatu nilizipanga mimi: hali ya zamani, maombi, hali ya sasa. Watu wamezizoea. Sehemu ya tatu ikikaribia wanaweka Biblia chini ili mikono iwe huru kupiga makofi.
Leo hakuja mtu.
Usingizi: saa nne na nusu.

Jumanne, 12 Novemba. Mvua tangu alfajiri.
Nguo hazikauki. Pasta amepita kibandani. Jumapili watakuja wageni kutoka Kambove, kundi zima, wanatafuta kanisa la kuungana nalo. “Tutafute ushuhuda mumoja ya nguvu, mama sekretere.” Nimesema nitaangalia.

Alhamisi, 14 Novemba. Ukungu, baridi kidogo.
Amekuja Mama Blandine, yule mjane anayekaa nyuma ya kituo cha afya. Miaka mingi aliponda na kuosha mawe kwenye machimbo ya Kamatanda, na vumbi lile likamkalia kifuani. Mwezi wa tisa wakamwambia ni kifua kikuu. Tulimwombea Jumatano tatu mfululizo. Hajui kusoma. Aliketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.
“Uko namna gani, mama?”
“Niko afazali. Haina kama zamani. Kukohoa inapunguka. Sasa nabeba ndoo mbili ya mayi bila kupumuzika ku njia.”
“Na dawa?”
“Nakunywa kila asubui. Infirmier Eugène ananiangaliaka mu kinywa kama mutoto, aone kama nimemeza. Ile dawa inageuzaka mikojo rangi ya Fanta.” Akacheka, akaziba mdomo. “Ile usiandike, mama sekretere.”
Nikasema sitaandika. Akasema anataka kumshukuru Mungu kwa maombi, na kwa Eugène yule muuguzi, na kwa ndoo mbili.

Baada ya chakula nimeandika. Sehemu ya kwanza ilikuja yenyewe, ya pili pia. Ya tatu ikanisumbua. “Niko afadhali” si mwisho. Watu hawatajua wapige makofi au wasubiri. Ndoo mbili ni kitu kidogo mbele ya wageni wa Kambove. Mwishowe nimeandika: “Leo nimepona. Tangu maombi yale sinywi tena dawa, na kifua changu ni kama cha msichana.” Nimeisoma mara mbili. Inasikika vizuri.
Usingizi: saa tano.

Jumapili, 17 Novemba. Jua la kuchoma mpaka saa nne.
Wageni ishirini na wawili. Nimesoma ushuhuda wa Mama Blandine. Makofi, vigelegele, mgeni mmoja alilia. Mama Blandine alikawia kuinua mkono. Nikafikiri ni haya. Kisha akauinua.
Pasta alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu, 18 Novemba. Mvua. Umeme hakuna.

Ijumaa, 22 Novemba. Mvua.
Wale wa Kambove wamekubali kuungana nasi. Beseni la chumba cha Guy nalimwaga mara mbili kwa siku.

Alhamisi, 5 Desemba. Mawingu.
Nimekutana na Mama Blandine sokoni. Amekonda, au ni kitenge kilivyofungwa. “Mama sekretere, nashikilia imani,” akaniambia. Nikajibu, “Shikilia, mama,” kama tunavyojibu. Nilikuwa na haraka ya kununua majani ya sombe kabla ya mvua.

Jumapili, 8 Desemba. Mvua nyepesi.
Nimesoma shuhuda mbili: tumbo lililopona, na kazi iliyopatikana. Nilipomsimulia mume wangu mezani, Casimir aliendelea kumega tonge la bukari. Yeye amebaki Mkatoliki, misa ya saa kumi na mbili asubuhi na basi.
“Kwenu hakuna mutu anaponaka nusu,” akasema. “Siye ba Katoliki tunaponaka pole pole. Bengine tunakufaka.”
Nikacheka. Nimechoka kubishana naye tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.
Usingizi: saa tano.

Ijumaa, 20 Desemba. Asubuhi safi, milima inaonekana.
Siku hii niiandike yote.
Infirmier Eugène amekuja kibandani na fomu za kituo, nakala thelathini za kila moja. Ni mtu wa maneno machache. Mashine ilipokuwa ikifanya kazi akatoa karatasi nyingine mfukoni, orodha ya wagonjwa wa kifua, na kidole chake kikasimama kwenye jina moja.
“Weye uko mu ile kanisa ya Pasta Symphorien. Unamujua huyu mama, Blandine?”
“Kwa nini?”
“Hajarudia tangu tarehe kumi na munane ya mwezi wa kumi na moja. Ni dawa ya myezi sita, yeye amemaliza mbili. Bantu banasikia afazali, banaacha. Ugonjwa unalala, unaamuka na nguvu. Tena na kichwa nguvu, haisikie tena dawa. Minye mwenyewe nilienda kwake mara mbili. Jirani anasema hayuko.”
Tarehe kumi na nane. Kesho yake baada ya ushuhuda.
“Unajua kwenye anaendaka?”
Nikasema sijui. Nikasema simfahamu sana, kanisa letu ni kubwa. Nilisema hivyo nikipanga nakala zake kwa kuzigonga mezani, upande huu na upande ule, zikae sawa. Akalipa, akaondoka.
Mtu aliniuliza jambo moja lililo wazi, nami nikamjibu uongo bila hata kuvuta pumzi. Hakuna aliyenilazimisha. Hakukuwa na wageni.
Usingizi: saa nane.

Jumapili, 22 Desemba. Mvua kubwa usiku, asubuhi matope.
Baada ya ibada nimekwenda kwa Mama Blandine. Binti yake alikuwa mlangoni akichambua lenga-lenga. Aliponiona akaita ndani, “Mama, ni sekretere,” kisha akasogeza miguu nipite. Hakunipa mkono.
Mama Blandine alikuwa amelala ubavu. Kikohozi chake nilikisikia tangu uani. Akaketi, akapanga kitenge, akataka kunikaribisha kama mgeni.
“Mama Blandine, dawa uliacha?”
“Niliacha.”
“Ju ya nini?”
Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe.
“Mama, weye ulisoma. Mbele ya bantu bote. Ulisema minye sikunywe tena dawa. Dawa ya asubui nilikuwa nimekunywa, iko hapa mu tumbo, na minye nasimama mbele ya Mungu nanyoosha mukono. Nikasema, Bwana, ile mukono ni ya uongo. Nitafanya namna gani? Kukukatalia pale, kukuaibisha weye mutumishi? Donc nikasema kesho niache dawa, ushuhuda ikuwe ya kweli.”
“Mama—”
“Nilifikiri weye ulijua. Unaandikaka maneno ya Mungu miaka yote. Nilifikiri pengine Mungu alikuambia kintu yenye hakuniambia minye.”
Binti alikuwa ameacha kuchambua mboga, anasikiliza.
Nikamwomba arudi kituoni kesho. Akatikisa kichwa. Kituo kiko mbele ya nyumba yake, na mbele ya kituo wanakaa dada wanne wa kanisa letu. “Kama narudia, batasema: kumbe Mungu ya mama Blandine alishindwa. Ao batasema nilikuwa mwongo. Chagua moja.” Akakohoa muda mrefu. Kisha, bila hasira, kama mtu anayeomba maji: “Unitoe kwanza mule uliniweka.”
Binti alinisindikiza mpaka barabarani. “Mama yangu habebe tena hata ndoo moja,” akasema. Akarudi ndani.

Jumanne, 24 Desemba. Mvua.
Nimepika. Casimir amekwenda misa ya usiku peke yake. Nilianza kuomba nikajikuta napanga sehemu tatu: hali ya zamani, maombi, hali ya sasa. Maneno mazuri. Nikanyamaza. Nadhani ni miaka sijamwambia Mungu kitu bila kukinyoosha kwanza.
Usingizi: saa tisa.

Ijumaa, 27 Desemba. Mawingu.
Nimemweleza Pasta kila kitu ofisini kwake. Si mtu mbaya. Alishika kichwa. Akauliza Mama Blandine anakula nini, akatoa pesa ya unga mfukoni mwake. Lakini nilipotaja kusahihisha mbele ya kanisa akasema:
“Mama sekretere, bale ba Kambove balikuya ju ya ile ushuhuda. Tukiiondoa, bataondoa na shuhuda zote za miaka tisa. Batauliza: na ile ingine?”
Nilitaka kusema kwamba na ile nyingine pia. Si zote. Lakini tumbo lile lililopona mwezi huu bado linauma, mwenyewe aliniambia. Sikusema.
“Aende kwa siri,” akasema. “Ao weye uende umuchukulie dawa. Mungu anaangaliaka moyo.”
Nimetoka na pesa ya unga. Ni kweli Mungu anaangalia moyo. Ndicho kinachonichosha.

Jumatatu, 30 Desemba. Jua kidogo.
Nimekwenda kituoni. Kwanza nimemwambia Eugène kwamba siku ile nilimdanganya, namfahamu Mama Blandine, namfahamu sana. Hakushangaa. Dawa hakunipa. “Aliacha wiki sita. Lazima yeye mwenyewe akuye, tumupime kilo, tupime makohozi, tuone kama ugonjwa ungali unasikia dawa. Dawa ya kifua haibebwake mu mukoba ya jirani.” Kisha: “Asikawie. Mule mu nyumba kuko na bantu bengine.”
Kwa hiyo njia ya siri haipo.

Jumatano, 1 Januari. Mvua mchana kutwa. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 5 Januari. Mvua.
Nimesoma ushuhuda wa gari lililopatikana. Wangu sikuusema.

Alhamisi, 9 Januari. Mvua.
Nimempelekea Mama Blandine unga na samaki. Hakuuliza kitu. Ingekuwa afadhali aulize. Beseni limejaa kabla sijarudi.
Usingizi: saa nane na nusu.

Jumapili, 12 Januari. Mvua. Hakukuwa na ushuhuda, nikashukuru. Nimeona aibu kwa kushukuru.

Alhamisi, 16 Januari. Ukungu mpaka saa tatu.
Binti wa Mama Blandine amekuja kibandani, amebeba kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Akakifungua mezani, juu ya karatasi zangu. Damu.
“Nimekuletea ushuhuda,” akasema. “Leo ni Alhamisi.”
Akafunga mfuko, akaondoka nao.
Nimefunga kibanda. Nyumbani nimekaa na daftari la kanisa mapajani. Casimir alirudi kazini, akaona sijawasha makaa. Akawasha yeye. Nikamweleza yote, tangu ndoo mbili. Nilingoja anicheke.
“Utawaambia?”
“Watanitoa.”
“Bon,” akasema, akapuliza moto. “Utapumuzika.”

Jumapili, 19 Januari. Asubuhi kimya, mbingu nyeusi upande wa mtaa wa Panda.
Mama Blandine alikuja. Binti yake alimleta akamketisha karibu na mlango, penye hewa. Nilikuwa nimemtumia neno jana kwamba nitasoma, asiinue mkono.
Wakati wa ushuhuda nilikwenda mbele peke yangu. Pasta aliangalia nyuma yangu kutafuta mwenye ushuhuda. Nikafungua daftari. Ndipo mvua ikaanguka juu ya bati kama changarawe inayomwagwa kutoka kwenye lori. Mikro ni dhaifu. Nikasoma. Sikujisikia mimi mwenyewe. Nikafika mwisho, nikainua mkono wangu, kwa kuwa ni maneno yangu, na kanisa zima likapiga makofi.
Hawakusikia neno hata moja. Waliona sekretere, daftari, mkono, wakapiga makofi kama kila Jumapili. Dada mmoja wa mbele alipiga vigelegele.
Ningeweza kurudi kukaa. Nilikuwa nimesema, Mungu alikuwa amesikia, mvua si kosa langu. Mguu mmoja uligeuka kweli. Lakini pale mlangoni Mama Blandine naye alikuwa hajasikia. Alikuwa ananiangalia, mikono juu ya magoti, anangoja.
Nikabaki nimesimama. Pasta akanifanyia ishara kwamba imetosha. Nikasema, “Pasta, hawajasikia. Nangoja.” Tukangoja. Sijui dakika ngapi. Mimi ninayeandika kila saa sikuangalia saa. Makofi yakaisha, watu wakaanza kukaa vibaya kwenye viti. Mvua ikapungua. Nikasoma tena.
Nanakili hapa. “Hali ya zamani: Mama Blandine alikuja kwangu akasema yuko afadhali, anakunywa dawa kila asubuhi, anabeba ndoo mbili za maji. Alitaka kumshukuru Mungu kwa hayo. Mimi Sephora niliona hayatoshi. Niliandika kwamba amepona na ameacha dawa. Yeye hakusema hivyo. Alisikia uongo wangu kwa jina lake, akaacha dawa ili mimi nisiwe mwongo, na sasa anatema damu. Maombi: namwomba radhi yeye, na Mungu, na nyinyi. Si yeye aliyedanganya, wala Mungu hakushindwa. Hali ya sasa: sina. Sehemu ya tatu sijui bado.”
Nikainua mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa, na kwa mara ya kwanza watu waligeuka kumtazama mwenye kukohoa, si kumkwepa. Mama Blandine alisimama akishika ukuta. Sauti yake ilikuwa ndogo.
“Ni vile,” akasema. “Ilikuwa ndoo mbili.”
Akaketi.
Pasta aliimbisha wimbo. Baada ya ibada alinyoosha mkono, nikampa daftari la shuhuda na ufunguo wa kabati. Hakuniangalia, wala hakunifokea. Wageni wa Kambove walitoka bila kuaga.
Usingizi: nilijilaza saa mbili, sikuona usingizi mpaka saa kumi.

Jumatatu, 20 Januari. Matope, jua.
Saa mbili asubuhi nimemshika Mama Blandine mkono, tumepita mbele ya milango ya wale dada wanne. Mmoja alikuwa anafagia. Alisimamisha ufagio. “Munaenda wapi asubui hii?” Mama Blandine akajibu mwenyewe: “Kukunywa dawa.” Dada akasema, “Haya, mama,” akaendelea kufagia.
Eugène alimpima: kilo arobaini na moja. Makohozi yatakwenda kwenye mashine. Ataanza upya, siku ya kwanza. Binti naye alipimwa. Hana kitu.

Jumapili, 26 Januari. Mvua. Nimekaa safu ya nyuma. Kiti cha kando yangu kilibaki kitupu.

Jumatano, 29 Januari. Mawingu.
Majibu: ugonjwa bado unasikia dawa. Eugène alisema hivyo akiandika, bila kuinua kichwa. Nilirudi kibandani nikapiga nakala arobaini za karatasi iliyokaa upande usio wake. Nimezitupa.

Jumapili, 16 Februari. Mvua.
Wa Kambove tisa wamebaki, wengine wamekwenda. Sekretere mpya ni Simone. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Baada ya ibada yule mama wa tumbo alinijia pembeni: “Na yangu, ulikuwa umeongeza?” Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole. “Nilikuwa najiuliza ju ya nini ingali inauma.” Atakwenda kwa daktari Jumatatu.

Jumanne, 4 Machi. Mvua nyepesi, ya kuaga. Beseni halikujaa.

Alhamisi, 20 Machi. Asubuhi safi, baridi, hakuna wingu.
Nilikuwa nafunga kibanda saa kumi, Mama Blandine akafika kwa miguu yake. Akaketi, kiti kizima safari hii.
“Leo ni Alhamisi,” akasema.
“Mama, minye siko tena sekretere. Uende kwa Simone.”
“Simone hanijue. Andika.”
Sikuwa na karatasi ya kanisa. Nikafungua hili. Alisema polepole, akingoja kalamu yangu, na nilipomaliza akataka nimsomee, neno kwa neno, mara mbili. Ni hivi:
“Niko afazali. Nakunywa dawa kila asubui. Myezi mbili imeisha, ingali ine. Kilo arobaini na tano. Nabeba ndoo moja. Ya pili, bado.”
“Hakuna ingine ya kuongeza?” nikauliza.
Akafikiri.
“Mikojo iko tena rangi ya Fanta. Ile sasa unaweza kuandika.”
Nimeiandika. Akainua mkono, palepale kibandani, hakuna aliyetuona ila muuza makaa wa ng'ambo ya barabara.

Nyumbani nimelitoa beseni chumbani kwa Guy, nimelioshea uani. Casimir ameuliza kama bati litengenezwe mwaka huu. Nimesema ndiyo. Sala yangu leo ilikuwa fupi, na haikuwa na mwisho.
Usingizi: saa mbili na nusu.